Mahindi Juu ya Barabara ya Mheshimiwa

Kazi yangu ni kuandika habari za wadi. Si gazeti wala redio. Ni ujumbe mrefu wa simu ambao mwakilishi wetu katika bunge la kaunti hutaka utumwe kila Jumatatu kwa makundi yote ya wadi yetu, hapa pembeni mwa mji wa Kitale: kundi la wazazi, la bodaboda, la akina mama wa sokoni, la makanisa, na lile la wazee ambalo halina shughuli nyingine ila kutumiana picha za maua na kutakiana asubuhi njema. Naandika transfoma iliyolipuka itatengenezwa lini, fomu za basari ya karo zinachukuliwa wapi, na ng'ombe mwekundu aliyepotea amepatikana bomani kwa nani. Kisha Mheshimiwa anasoma, anakunja uso, na kuongeza maneno "chini ya uongozi wangu" katika kila sentensi, hata ile ya ng'ombe.

Mwaka huo tulipata barabara ya lami. Ilikuwa fupi, kutoka sokoni hadi zahanati, lakini kwa watu waliozoea kuvua viatu na kuvibeba mkononi kila mvua ikinyesha, ilikuwa lami. Mheshimiwa aliizunguka kila siku kama mtu aliyenunua fahali. Akaniambia nipige picha nzuri, barabara ikiwa tupu, jua likiwaka, bila mbuzi wala mkokoteni. Nikapiga. Nikaandika kwamba itafunguliwa rasmi Alhamisi, wageni kutoka makao makuu ya kaunti watakuwepo, wananchi wote wanakaribishwa. Picha ilikuwa safi sana, na mimi kwa kiburi changu nikaituma pia katika kundi la familia yetu kule Bungoma, ili ndugu zangu waone kwamba sikwenda Kitale kulala.

Sasa, ni muhimu ujue hali ya mahindi ilivyokuwa. Ilikuwa msimu wa kuvuna na mvua imekataa kuondoka. Kila alasiri wingu lilishuka kutoka Mlima Elgon likatunyeshea bila huruma. Watu walikuwa wamevuna na kupukuchua, na mahindi yamekaa kwenye magunia yakiwa bado na unyevu, yanapata joto, yananuka pombe. Mahindi yakishaota kuvu hata nguruwe humpi. Katika hali hiyo mimi nikawatumia watu picha ya uwanja mrefu, mweusi, mkavu, unaong'aa kwa jua, usio na gari hata moja. Ningewaandikia kwa herufi kubwa kwamba ni barabara, wasingesoma. Mwenye macho haambiwi tazama.

Alhamisi asubuhi simu ililia nikiwa bado napiga mswaki.

"Madam," Mheshimiwa akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "kuja uone kwa barabara yangu."

Nikaenda mbio. Kutoka sokoni hadi zahanati, lami haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na mahindi, meupe, turubai kwa turubai, yamesambazwa vizuri na kuchorwa mistari kwa miguu ili yapate hewa. Akina mama walikuwa wamekaa kandokando na fimbo za kufukuzia kuku, wametulia, wanakunywa uji. Wengine walinisalimia na kunishukuru. Mmoja aliniambia nimshukuru sana Mheshimiwa, kwamba tangu uhuru hakuna kiongozi aliyewahi kufikiria mahindi namna hiyo.

Mbele karibu na utepe mwekundu uliofungwa tayari kukatwa, watu walikuwa wanagombana. Nilisikia sauti moja nikaitambua mara moja, kwa sababu ndiyo iliyonilea.

Ilikuwa mama yangu.

Mama anaishi ndani ndani kutoka barabara ya Malakisi, katika boma aliloachiwa na baba. Mwaka uliotangulia mahindi yake yote yalioza. Kaka yangu mkubwa, ambaye ana ploti na nyumba za kupangisha Webuye, alikasirika kwa namna ya watoto wanaopenda wazazi wao vibaya. Akasema mama amezeeka, shamba limemshinda, ahamie Webuye akae kwenye chumba chenye taa za stima na maji ya mfereji. Mama akakataa. Wakabishana hadi wakafikia makubaliano mbele yetu sote: apande mara moja tena. Mahindi yakikauka vizuri, hakuna mtu kumtajia Webuye tena maisha yake yote. Yakioza, afunge mizigo. Mama alikubali akiwa ameinua kidevu, na mimi nilijua kwamba hii si habari ya mahindi tena.

Kwa hivyo alipoonyeshwa ile picha, hakuuliza mtu. Alikodi pikapu, akapakia magunia yake, akapita Chwele na Kimilili alfajiri, akaja kuanika kwenye barabara ya binti yake.

"Mimi siko na shida na wewe," mama alikuwa anamwambia, kwa lafudhi ya kwetu, mwanamke mwingine wa umri wake, mwenye kilemba na sweta ya kijani. "Lakini hii balabala ni ya mtoto wangu. Ndiye anaiandika kwa simu."

Yule mwingine nilimfahamu. Ni shosho mmoja, bibi wa familia zilizotoka mkoa wa Kati zamani na kulima hapa Trans-Nzoia hadi ardhi ikawajua, jirani yetu wa nyumba ya tatu. "Wewe mama, skiza," akajibu. "Hii ni wadi yetu. Mimi nilipiga kura hapa. Wewe ulipiga wapi? Bungoma! Si uende uanike Bungoma?"

"Bungoma kunanyesha!"

"Na hapa kunafanya nini?"

Wakati huohuo mume wangu alitokea kwa bodaboda akiwa njiani kwenda kazini. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakutani ovyo. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo hata kulitaja ni aibu. Mume wangu alimwona mama, mama akamwona mume wangu. Mama akajifunika leso usoni, na mume wangu akamshika bega mwenye bodaboda, wakageuka kwa kasi iliyomwangusha kuku mmoja. Sikumwona hadi jioni.

Ndipo Mheshimiwa akafika kwa miguu, suti ya bluu, viatu vinavyong'aa, uso umevimba. Alinivuta kando. Wageni walikuwa tayari wamepita mjini. Akataka nitangaze kwa kipaza sauti kwamba mahindi yaondolewe mara moja, na aliye karibu na utepe aanze.

"Aliye karibu na utepe ni mama yangu," nikamwambia.

"Mama yako wa kuzaa?"

"Wa kuzaa."

Alifikiri kidogo, akaamua kwenda kuzungumza naye mwenyewe, maana anajiamini sana na akina mama. Akainua mguu kukanyaga turubai. Mama akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika Webuye.

"Vua viatu!"

Na Mheshimiwa, ambaye nimemwona akibishana na mawaziri, alivua. Alisimama juu ya mahindi ya mama yangu kwa soksi, moja ikiwa na tundu kidoleni, akaanza kueleza mambo ya maendeleo. Mama akamsikiliza hadi mwisho kwa heshima zote. Kisha akamwambia, "Kijana yangu, nimeelewa. Lakini gari inaweza ngoja. Mahindi haiwezi ngoja. Sasa ukiwa hapo, tembea tembea uigeuze."

Watu walicheka hadi yule shosho wa sweta ya kijani akashika mbavu. Nami niliogopa. Niliona kazi yangu ikielea hewani, lakini zaidi ya kazi niliyahofia yale mahindi. Nilichukua punje moja nikaing'ata. Ilibonyea kwa meno bila sauti. Ilikuwa bado sana.

Wageni walifika na magari yao makubwa wakakuta hakuna pa kupita. Mgeni mkuu aliteremka, akatazama, akauliza kama hayo ni maonyesho ya kilimo. Mheshimiwa, Mungu amjalie, hakukosa jibu. "Ndiyo, bwana. Chini ya uongozi wangu."

Basi sherehe ikaendelea hivyo hivyo. Hotuba zikatolewa kando ya mahindi, mbele ya bango kubwa la nailoni lenye uso wa Mheshimiwa akitabasamu, upana wake kama ukuta wa darasa. Walisalimiana, wakatambuana, wakashukuru waliomshukuru aliyewashukuru. Mimi sikusikia. Nilikuwa natazama mlimani, ambako wingu lilikuwa limeanza kushuka mapema kuliko kawaida.

Tone la kwanza lilimpata mgeni mkuu kwenye karatasi ya hotuba. Yaliyofuata hayakuhesabika. Akina mama waliinuka wote kwa pamoja, na hapo hapakuwa na itifaki tena. Kila mtu alishika ncha ya turubai iliyokuwa karibu. Wageni wa kaunti, madereva, kwaya ya kanisa, mzee wa mtaa, wote waliinama wakikunja, wakizoa, wakijaza magunia. Shosho wa sweta ya kijani aliacha mahindi yake kwa wajukuu akaja kumshikia mama gunia, huku akimkaripia, "Shika hapa, si hapo! Kwani Bungoma hamjui kufungua gunia?" Na mama akitii.

Mahindi ya mama yalikuwa mengi na turubai lake halikutosha kuyafunika. Nilitazama huku na huku, kisha nikakimbilia lile bango. Nilikata kamba zake kwa mkasi wa utepe. Mheshimiwa aliniona. Nilisubiri anipigie kelele. Badala yake alishika upande wa pili, ule wa sikio lake, tukalivuta pamoja, tukayafunika mahindi, na mama pia, aliyekuwa amekataa kuyaacha.

Tuliyahamishia ofisi ya wadi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na ina sakafu ya saruji. Mheshimiwa alisema ni kwa siku ile tu. Mama hakusikia hiyo sehemu. Alibaki hapo mpaka wiki iliyofuata, akilala kwa yule shosho kwa vile kwangu hakuwezekani, na mchana akiyaanika mahindi uani juu ya uso wa Mheshimiwa kila jua lilipochungulia. Wingu likitokea, wote waliokuja ofisini, mwenye shida ya basari, mwenye kesi ya mpaka, mwenye kutafuta barua, walibeba kwanza. Nilishangaa kuona kwamba foleni ilipungua. Waliokuja kulalamika walikaa chini na mama, wakageuza mahindi, wakaeleza, wakajibiwa, wakaenda zao. Mheshimiwa alilalamika kwangu kwamba watu sasa wanamsalimia mama kabla yake.

Usiku wa nne sikupata usingizi. Mume wangu aliniuliza kinachonisumbua, nikamwambia ukweli: naogopa mama atashindwa, na naogopa nitamwona akishindwa. Asubuhi mume wangu alinunua turubai jipya, zito, akampa shosho ampelekee mama, kwa sharti kwamba asitajwe.

Kaka alikuja Jumatano na pikapu yake kutoka Webuye. Aliegesha mbele ya ofisi, na nikaona nyuma ya gari ameweka godoro jipya, bado liko kwenye nailoni. Lilikuwa la kile chumba chenye stima. Mama pia aliliona.

Kaka akasalimia, akafungua gunia la kwanza, akachukua punje, akaing'ata. Ililia *kwa!* hadi shosho akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kaka akaingiza mkono ndani kabisa, mpaka kwapani, akatoa nyingine kutoka chini, kule ambako unyevu hujificha. Ikalia. Akafungua gunia la pili na la tatu. Alikuwa anatafuta, na sote tulijua anatafuta nini. Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

"Imekauka," kaka akasema mwishowe.

Nilidhani mama atamcheka. Nilidhani atamkumbusha kila neno mbele ya watu, maana hiyo ndiyo tabia yake na mimi nimeirithi. Lakini alikaa chini juu ya gunia ghafla, akajifunika uso kwa leso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nilifikiri mnanitoa kwa baba yenu," akasema ndani ya leso. "Yeye amelala pale. Sasa ningemwacha na nani?"

Baba amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na mahindi, na katika miezi yote ile ya kubishana juu ya stima na maji ya mfereji hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja kaburi. Shosho alikaa kando ya mama kwenye lilelile gunia, akamshika mkono. Mimi nililia waziwazi, bila hata kutafuta kitambaa.

Kaka akaenda kwenye pikapu, akaliteremsha lile godoro, akaliegemeza ukutani, akasema ni la shosho, aliyemlaza mama yetu bila kuombwa. Akarudi, akainama, akaanza kubeba magunia ya mama mgongoni hadi kwenye pikapu, kuyarudisha Bungoma, moja baada ya jingine, akikataa kusaidiwa na mtu yeyote, hata Mheshimiwa, ambaye tayari alikuwa amekunja mikono ya shati na kumwita mpiga picha.