Jiwe Nililolisafirisha kwa Mdomo

Mimi na mawe tumechoshana. Nimestaafu, magoti yananiuma nikipanda hata ngazi tatu za zahanati, na bado watu wakiniona pale Same wananitania: "Mwalimu, mawe yanasemaje?" Nawajibu mawe hayajawahi kusema kitu. Waliosema ni watu, na wa kwanza wao ni mimi.

Nilifundisha jiografia miaka mingi katika sekondari moja huku chini, kwenye joto na vumbi. Mada iliyonitesa kuliko zote ni ya mito ya barafu. Hebu fikiria: unamfundisha mtoto ambaye barafu anayoijua ni ile ya ubuyu ya kwenye mfuko stendi, kwamba zamani barafu ilijaa mabonde, ikatambaa, ikachonga milima na kubeba mawe makubwa kama nyumba. Wanakuangalia tu. Ukigeuka ubaoni unasikia mtu anacheka.

Lakini mimi nilikuwa na sifa moja iliyowanyamazisha. Nilikuwa nimepanda Kilimanjaro na kuishika barafu kwa mikono yangu. Shule nzima ilijua, na kijijini kwetu Mhezi walijua. Mama yangu aliwasimulia hata wageni waliokuja kuchumbia.

Safari yenyewe ilikuwa ya kweli. Nilikuwa chuoni, miaka ile ya dhiki, sabuni tunaipangia foleni na ugali ni wa unga wa yanga, ule wa njano unaokaba koo. Mkufunzi wetu alituombea nafasi kwenye lori, akatupeleka mlimani. Tulipita msitu, tukatoka kwenye vichaka vifupi, kisha ikabaki nchi ya mawe na upepo. Nilivaa koti la kuazima lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Kule juu alituonyesha matuta marefu ya mawe na kokoto. "Barafu ilifika hapa," akasema. "Ilisukuma takataka zake mbele kama mama anayefagia uwanja, halafu ikayeyuka ikaziacha." Alituonyesha bonde lenye sakafu pana, si kama mabonde yetu ya Upare yaliyobanwa chini ukadhani yamekatwa kwa shoka. Tukafika kwenye jiwe moja kubwa limekaa peke yake juu ya vijiwe vidogo, halifanani na wenzake. Hakuna maji ya kulibeba lile, akasema, ni barafu tu. Ubavuni lilikuwa na michirizi iliyonyooka. Niliweka kidole kwenye mchirizi mmoja nikakipitisha mpaka mwisho. Jamani, nilifurahi. Nilikuwa na njaa, kichwa kinapasuka, na nilifurahi.

Niliporudi nilisimulia barafu. Nilisimulia sana.

Miaka ikapita, mambo yakafunguliwa. Kila kitu ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa gulioni, redio kila nyumba, na mshahara wa mwalimu ukawa unaisha kabla hujaukunja. Wenzangu waliuza maandazi ofisini. Mimi nilifuga kuku waliokufa wote wiki moja. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa na mtihani mbele, safari ya Kilimanjaro haikuwezekana hata kwa ndoto, nami nikachoka kuchora bonde lile lile kwa chaki. Nikasema nitawapeleka kwetu. Kutoka kigongo cha juu ya Mhezi, asubuhi ikiwa safi, unauona mlima mzima na weupe wake.

Tulipanda lori la mchanga hadi Mwembe, kisha tukashika njia kwa miguu. Mteremko wa kwetu haumhurumii mtu. Watoto wa tambarare walihema, viatu vikawachuna, mmoja akalia. Niliwatia moyo: twendeni, mtaiona. Tulipofika kigongoni, ukungu. Ukungu mzito, mtu hamwoni mwenzake. Tukangoja saa nzima. Aa wapi! Ukungu ndio kwanza ukaongezeka.

Nikawashusha kimyakimya mpaka shambani kwa mama, wapumzike na kunywa maji. Pale ukingoni mwa shamba kuna jiwe kubwa, limeota masale pembeni, yale majani yetu ya kuwekea mpaka. Ni mpaka wetu na jirani tangu enzi za babu. Watoto wakakaa kuzunguka jiwe, nyuso zimeshuka. Nikaona aibu. Nilikuwa nimechoka, nimewachosha, na sina cha kuwapa. Nikaliwekea jiwe mkono.

"Mnaona hili?" nikasema. "Hili nalo lililetwa na barafu."

Nilijua si kweli. Barafu haijawahi kufika Upare. Lile jiwe lilitoka hapo hapo mlimani, kama mawe mengine yote ya kwetu. Lakini nyuso zikainuka.

Binti wa jirani alikuwa kidato hicho hicho, mwanafunzi wangu bora, mwenye mwandiko wa kupendeza. Jiwe lile alilichezea tangu hajaota meno. Akaniuliza, "Mwalimu, hata hili letu?"

"Hata hili."

Akaliangalia kama analiona mara ya kwanza. Kisha akafungua daftari akaandika.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilichukua miaka miwili. Bei ya kahawa ilikufa, watu wakang'oa mibuni wakakimbilia tangawizi, na tangawizi inataka maji. Mfereji unaotoka kwenye ndiva, lile bwawa la wazee la kukusanyia maji ya kumwagilia, ulipita upande wetu wa jiwe. Baba alishafariki. Jirani, baba yake yule binti, akadai kwamba mpaka si pale, eti jiwe limesogea, na ule ukanda wenye mfereji ni wake. Ukanda ule ukienda, mama anabaki na ukame na mbuzi wawili.

Baraza la kata likaamua kuja kukaa shambani, siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kwa kuwa watu wote wangekuwapo wakizibua ndiva. Pembe ikapigwa alfajiri, wakafanya kazi, na mchana wakaja wote na majembe yao mabegani. Mama aliniita nije kuwa shahidi. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Akawa anawaambia watu, "Mwanangu anayajua mawe."

Nilisimama nikasema jiwe lile halijawahi kusogea. Nilisema vizuri, kwa sauti ya darasani. Jirani akanisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa daftari ndani ya koti.

"Huyu ndiye mwalimu wa binti yangu," akasema. Akasoma: jiwe hili lilisafirishwa na barafu kutoka mbali. Akafunga. "Kilichotembea mara moja hutembea tena. Mwaka ule wa mvua kubwa si udongo ulishuka? Basi na jiwe lilishuka nao. Mwalimu mwenyewe kasema linatembea."

Lo! Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia majembe wasianguke. Mwenyekiti wa baraza, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakucheka. "Mwalimu, lilitembea au halikutembea?"

Nikajaribu ujanja. Nikasema ni zamani mno, maelfu ya miaka, kabla hakujawa na Mpare hata mmoja.

"Nani alikuwapo?"

Nikageuza macho. Binti alisimama nyuma ya baba yake na sare ya shule, na sikuwa na namna ya kumkwepa. Alikuwa ananingoja nimtetee, maana maneno yale yalikuwa yake kama yalivyokuwa yangu. Nikishikilia barafu, mama anapoteza mfereji. Nikiiachia, nampoteza yule mtoto, na jina langu pamoja naye. Nikamwangalia mama. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge kwa mikono miwili.

"Halikutembea," nikasema. "Niliwadanganya watoto. Kulikuwa na ukungu."

Hapo ndipo nilipokuwa mdogo kama kidonge cha piritoni. Mwenyekiti alivua miwani. "Mtu anayedanganya watoto aliopewa na serikali, sisi wazee atatuambia nini? Ushahidi wako tumeuweka kando."

Kwa hiyo nilipoteza vyote viwili, jina na shauri. Nikakaa kwenye majani. Sikuwa hata na nguvu ya kukasirika.

Ndipo mama akasimama. Akawaamkia wazee, "Shikamooni," akasubiri marahaba yao yote iishe. Kisha akasema, "Chimbeni chini ya jiwe, upande jua linakozama. Kuna mkaa. Waliopima shamba hili waliuzika siku ile, na vigae vya chungu juu yake, kwa sababu mkaa hauozi. Kama haupo, chukueni mfereji."

Majembe yalikuwepo. Vijana wakachimba, watu wamejipanga pande mbili, hakuna anayetania tena. Nilisikia jembe linagonga mwamba, linagonga tena. Mama hakusogea. Wakafika kina cha goti, pakatoka kigae chekundu, na chini yake udongo mweusi. Mwenyekiti akapiga goti, akaokota kipande, akakivunja kwa vidole. Vikawa vyeusi. Akamwonyesha jirani. Jirani alikitazama, akasema, "Basi," akaenda zake, mwanamume aliyechoka kama sisi wote, mwenye mibuni iliyong'olewa na hana maji.

Binti alibaki kidogo. Nilitaka kumwambia kitu. Alichana ile karatasi kwenye daftari, taratibu, asiharibu zilizobaki, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anavyomkabidhi mkubwa. "Shikamoo, mwalimu," akasema. Akaondoka. Darasani alimaliza kidato cha nne bila kuniuliza swali tena.

Jioni ile nilikaa na mama jikoni, akisonga ugali. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia habari ya mkaa, nimekua kwenye shamba lile mpaka naota mvi.

"Hukuuliza," akasema. "Uliniambia wewe ndiye unayejua mawe."

Akaendelea kusonga. Halafu bila kunitazama akauliza, "Na ile barafu ya Kilimanjaro? Uliishika kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakukuwa na baraza pale.

"Sikufika, mama. Nilitapika, nikarudishwa. Niliishia kwenye mawe iliyoyaacha. Kidole nilikiweka kwenye mawe tu. Mengine niliambiwa na wenzangu."

Aliipua sufuria, akaninawisha mikono, akaweka chakula. Tukala. Nilidhani yameisha.

"Hata mimi sikuwapo mkaa ule ulipozikwa," akasema. "Niliambiwa na mama mkwe wangu, nikiwa mke mchanga. Leo walipokuwa wanachimba, nami sikujua kama upo." Akanisogezea mboga. "Lakini yeye hakunidanganya."