Farasi wa Tango

Juzi mjukuu wangu alikuwa akimenya matango ya kachumbari jikoni kwangu, nikajikuta nimetoka nje. Hakuuliza. Hata angeuliza nisingemjibu, maana jambo lenyewe sijapata kumwambia mtu. Wewe nitakwambia, taratibu, kwa kuwa mimi si mwepesi wa kuandika.

Tulikuwa tukikaa Kings Heath, huko Uingereza, miaka ya sabini mwanzoni, hatuna muda tangu tutoke Mombasa. Baba alifanya kazi kiwanda cha magari, Longbridge, na mwenzake mmoja, Mwingereza, alikuwa jirani yetu. Mkewe alikuwa Mjapani. Binti yao nilisoma naye darasa moja, pamoja na msichana wa Kikalasinga aliyezaliwa Nairobi. Huyu Kalasinga ndiye aliyekuwa ulimi wangu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza na haya zilinizidi. Mwalimu akiniuliza jina, yeye ndiye aliyejibu.

Agosti ile yule mama wa Kijapani alifanya sikukuu ya kwao ya kiangazi, uani kwake, akatualika mimi na Kalasinga. Mama alinisuka, akanipaka mafuta, akanionya kama kawaida yake: "Ukiwekewa chakula, kula. Usimvunje mtu moyo nyumbani kwake, mwanangu."

Taa za karatasi zilitundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Santuri ililia dirishani, na wanawake wa Kijapani, na nguo zao za pamba zilizofungwa mishipi mipana, walicheza kwa mduara polepole, wakipiga makofi kwa pamoja. Mahindi yalichomwa juu ya makaa. Moshi wake ulikuwa wa kwetu kabisa, ila waliyapaka mchuzi mweusi wa chumvi.

Mwenyeji alitupokea, akasema jambo kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Nikamtazama Kalasinga.

"Mama yake alikufa huu mwaka," akaninong'oneza. "Leo roho yake inarudi nyumbani. Ni kama ile hitima yenu."

Hapo ndipo nilipopotea. Kwetu hitima ikishasomwa, watu hula. Chakula kile ni sadaka ya marehemu, na kukiacha bila kuguswa ni kama kusema hakuna aliyemkumbuka.

Waliponiita nicheze, nikaona haya, nikakimbilia ndani. Chumbani palikuwa na meza fupi, na juu yake picha ya bibi mzee, bakuli la wali, matunda, bilingani na tango. Bilingani na tango vilichomekwa njiti za kiberiti, nne nne, vikasimama kama wanyama. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Nikamhurumia yule bibi. Nikavua viatu, nikaketi, nikamsomea Fatiha, nikala wali wake. Kisha nikang'oa njiti za tango, nikalila nalo.

Binti wa mwenyeji aliingia kunitafuta. Alipiga ukelele.

"Farasi wa bibi! Amemla farasi wa bibi! Sasa atakuja na nini?"

Kalasinga akaja mbio, hindi la kuchoma mkononi. "Ala! Wewe! Umekula farasi ya watu!" Akacheka, mpaka alipoona mwenzetu analia kweli. Akanieleza kwamba tango ni farasi, ili bibi afike upesi, na bilingani ni ng'ombe, ili aondoke polepole. "Ile ya kuja nayo ndiyo hiyo iko kwa tumbo yako."

Mwenyeji akatokea mlangoni. Nilingoja kofi. Badala yake alipiga magoti mbele yangu, mimi mtoto, akainama mpaka nywele zake zikagusa zulia.

"Anasema umsamehe," Kalasinga akatafsiri, pole pole. "Anasema hakujua uko na njaa."

Nikafungua mdomo. Njaa sikuwa nayo. "Sema basi," Kalasinga akanisukuma kwa kiwiko, "mimi nitamwambia." Lakini watu walikuwa wamejaa mlangoni wakinitazama, na midomo yangu ina punje za wali. Nikamtikisia Kalasinga kichwa kukataa. Mwenyeji akachukua tango jingine, akaanza kulichomeka njiti.

Jumamosi iliyofuata alibisha hodi kwetu na sahani ya wali uliofinyangwa, umefunikwa kitambaa. Na Jumamosi ya pili. "Jirani huyu ana mapenzi!" mama alisema, akaijaza ile sahani mahamri, akanituma niirudishe. Yule mama wa Kijapani aliyapokea kwa mikono miwili, akanitazama mashavu kuona kama nimenenepa. Iliendelea hivyo mpaka familia yao ilipohamia Japani.

Sasa kiwanda hakipo, na nyumba yao imebomolewa kuta na kuongezwa vyumba hata siijui tena. Mama naye ametangulia, na mpaka mwisho alikuwa akimtaja jirani yule kwa ukarimu wake. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa akimwonea huruma, akiamini ameshindwa kumshibisha mwanawe.