Jicho la Mama na Mafuvu ya Masatu

Enzi zetu mama hakuwa na simu, alikuwa na jicho. Wenzangu mliokulia huku Mara mnalijua. Mmeenda ugenini, mmeletewa chakula, unamwangalia mama kwanza kabla ya kunyoosha mkono. Jicho likilegea, kula. Likikaza, unasema "Ahsante, nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma mpaka mwenye nyumba anasikia. Na likigeuka taratibu kuelekea mlangoni, jua mkifika nyumbani una kesi. Hatukufundishwa na mtu yeyote. Tulijikuta tu tunajua.

Wote, isipokuwa dada yangu Nyanjura.

Tulikuwa tunakaa kijijini kando ya ziwa, asubuhi ukitoka nje unakiona kisiwa cha Rukuba kule majini. Maisha yetu yalikuwa dagaa: kuwaanika juu ya mawe, kufukuza kunguru, kuwaanua mbio mbio mawingu yakifunga. Jioni tunacheza mdako wa vijiwe na kombolela ya kujificha, halafu ugali wa udaga wa muhogo na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kuchemsha, miiba unaitema pembeni bila kutumia mkono. Shuleni tulikuwa tunaendaga na michembe mfukoni, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Unaitia mdomoni wakati wa mchakamchaka, kikifika kipindi cha hesabu ndiyo kwanza inaanza kulainika. Watoto wa siku hizi ukiwapa michembe wanauliza sosi iko wapi.

Kwenye mdako hakuna aliyemuweza Nyanjura. Kombolela ndiyo ilimshinda. Anayetafuta akiita tu kwa ujanja, "Nyanjura, uko wapi?" yeye anajibu kutoka kichakani, "Niko hapa." Tunacheka mpaka tunakaa chini, naye anatoka anatushangaa. Ameulizwa, amejibu, kichekesho kiko wapi? Wakubwa walisema ana kichwa chake. Neno usonji hatukuwa nalo. Alikuja kuambiwa na daktari tukiwa tayari watu wazima, akarudi nyumbani akasema, "Nina usonji," kwa sauti ile ile anayotumia kusema sukari imeisha.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote tulikuwa Butiama kwa shangazi, dada yake baba. Alikuwa amefiwa na mumewe, hali ilikuwa ngumu pale, na sahani ya sato tuliyowekewa ilikuwa chakula cha watoto wake. Jicho la mama likakaza. Sisi wote mara tukashiba. Nyanjura alikuwa ameshanyoosha mkono, akaona anaangaliwa, mkono ukabaki hewani.

"Mama, unaniangalia," akasema kwa sauti. "Nile au nisile?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkono wa Nyanjura ulikuwa bado uko juu, kwa sababu kweli hakujua, na alijua kwamba kila mtu mwingine anajua. Nilisubiri kipigo. Mama akamshusha ule mkono polepole, akamwambia, "Usile, mwanangu. Hii ni ya watoto wa shangazi." Basi. Akasema mbele ya watu jambo ambalo jicho lilitakiwa kulificha. Shangazi akacheka hadi machozi, cheko lake la kwanza tangu msiba, akasema tuleni wote, samaki atatosha.

Kuanzia hapo, tukienda popote, mama alisimama njiani kabla ya kufika, akamwambia Nyanjura kila kitu. Wakikupa chakula leo, kula. Wakiongeza, kataa. Yule bibi akinuna usijali, ndivyo alivyo. Sisi wengine tunachoka kusubiri, jua linatuchoma. Wanawake wa pale kijijini walimwambia anamdekeza mtoto. Mama aliwajibu jibu moja siku zote: "Nyie mnaambiana kwa macho. Huyu ataambiwa kwa mdomo. Mdomo nilipewa bure." Mimi mpaka leo nikimfikiria mama yangu, mwanamke aliyeishia darasa la nne, namvulia kofia.

Na Nyanjura akaifanya sheria. Ukimnunia anakwambia, "Sema kwa mdomo." Ukimwambia hamna kitu, anaamini hamna kitu, anaenda zake. Utajua mwenyewe.

Siku hizi anaishi Bweri pamoja na mama, wanalima mchicha. Angekuwa ametulia kabisa kama lisingekuja hili grupu la familia kwenye simu. Enzi zetu barua ilianza na salamu za mzima wa afya mpaka kuku wa jirani. Vijana wetu hawa, unawauliza bibi anaendeleaje, wanakujibu kwa kichwa cha manjano kinachokenua meno. Nyanjura anauliza, "Sura hii inasema nini?" Anajibiwa kwa sura nyingine. Anauliza na hiyo, wanamtumia kidole gumba. Wanadhani anatania. Siku moja aliniambia, "Nikifungua lile grupu, mkono wangu uko hewani tena kwa shangazi."

Sasa mwaka huu mama alikuja kunitembelea Bunda, akashikwa na kifua, akalazwa. Asubuhi moja nilimwacha mwanangu Masatu amwangalie, nikapanda gari kwenda Bweri kumchukua Nyanjura na kanga za mama. Tulikuwa tunazikunja hizo kanga simu zetu zilipolia pamoja. Masatu ameandika kwenye grupu neno moja, "Bibi," na baada yake mafuvu ya vichwa matatu.

Nilikaa kitandani juu ya zile kanga. Hapo hapo shangazi kutoka Butiama akajibu kwa nyuso zinazotoka machozi, safu nzima, na Masatu akaongeza mafuvu. Binamu zangu wakaanza kutuma mikono iliyokunjwa, mmoja baada ya mwingine. Nani angebisha? Mimi nilishaanza kulia kwa sauti, majirani wanachungulia mlangoni.

Nyanjura alikuwa amesimama na simu. Mama ndiye mtu aliyemfanyia dunia ieleweke, na sasa habari zake zimeletwa kwa vipicha. Akasema, "Mimi hizi sizijui." Akapiga.

"Masatu. Bibi yako yuko hai au amekufa?"

Sisi hatusemi hivyo. Tunasema ametutoka, ametangulia. Nilimsikia Masatu upande wa pili amebabaika. "Yuko hai, mama mkubwa. Anakula chapati. Amemwambia nesi ule uji akampe aliyeupika, wodi nzima tumekufa kwa kucheka."

Kumbe fuvu kwa vijana ni kicheko. Na shangazi, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akiona machozi kwake ni machozi, hajui kwamba ile sura inacheka. Masatu akaona bibi wa Butiama anacheka naye, akanogewa. Shangazi alikuwa ameshaazima masufuria ya kanisa. Ukoo mzima tulijifanya tunaelewa, tukamzika mtu aliye hai, ana chapati mkononi. Aliyeuliza ni mmoja.

Tulifika Bunda mchana. Mama alipomwona Nyanjura mlangoni pale wodini machozi yakamtoka. Mimi nikageuza uso pembeni, ndivyo tulivyolelewa, mzazi akilia humwangalii. Nyanjura akamsogelea.

"Mama, hayo machozi ni ya nini?"

"Ni ya furaha," mama akasema. "Niliogopa nitaondoka hujafika. Nakupenda, mwanangu."

Nilibaki pale na furushi la kanga. Mimi mapenzi ya mama niliyapata kwa jicho, na kwa sahani iliyofunikwa ikanisubiri nikichelewa. Niliyasoma vizuri, sikukosea hata siku moja. Lakini kuyasikia kwa sikio langu, sijawahi. Nikajikuta nauliza kama mtoto, "Na mimi, mama?"

Mama akanipa lile jicho lililolegea. Lile la kula. Kwangu lingetosha, limenitosha maisha yangu yote.

"Mama," Nyanjura akasema, "mwambie kwa mdomo."

Mama akacheka, kikohozi kikamkatiza, akasubiri kipite. "Na wewe," akasema. "Wewe nawe nakupenda. Nilidhani unajua."

Nilikuwa najua. Bado nililia kuliko asubuhi.

Nazikumbuka sana enzi zetu, ndugu zangu, mawe yale ya kuanikia dagaa na sauti za watu wanaoitana jioni kando ya ziwa. Nikiziweka karibu na hizi za vijana wetu, naona zetu zilikuwa na utamu ambao hautarudi. Ila tulikuwa na macho, wao wana vikatuni, na huko kote mtu anaweza kuzeeka akisubiri neno moja. Mimi nilikuwa na bahati. Nilizaliwa nyumba moja na Nyanjura.