Mji wa Usiku Alioutaka Baba

Ile picha sikuipiga mimi. Nilisema nimeipiga, nikaapa, nikawanunia wote walioniuliza mara ya pili. Niliendelea hivyo mpaka mauaji ya mwaka 1972 yalipoizima studio ya baba pamoja na wengi waliopigwa picha humo. Baada ya hapo sikuona tena faida ya kudanganya.

Baba alikuwa mpiga picha wa Rumonge, mji wa ziwani kusini mwa Bujumbura. Uhuru ulimnyanyua: kila mtu alitaka kupigwa picha kando ya bendera mpya, na kila ofisi ilidai foto. Wateja walitoka Magara mpaka Kabonga, wengine kwa suti za kuazima. Lakini macho yake yalianza kuchoka, na mabinti tulikuwa wawili: mimi, niliyepata bursi ya kusoma Ubelgiji, na mdogo wangu, aliyeishia darasa la sita na ambaye, kwa maoni yangu ya kisomi, alijua kufagia studio tu. Nami studio ile niliitaka. Nilishachagua hata rangi ya mlango.

Baba akaniandikia. "Mama," alianza, kwani ndivyo alivyoniita kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, "watu wa mchana kila mutu anaweza kuwapiga. Unitumie foto ya mji wa huko usiku, na taa zake zote. Nikiiona nitajua studio iko ya nani."

Kupiga usiku alinifundisha mwenyewe, ufukweni, kwa taa za wavuvi. Kifaa cha kupimia mwanga hatukuwa nacho. Unaweka kamera juu ya kitu kisichotikisika, unafungua, unasoma Fatiha moja bila haraka, unafunga; chochote kinachotembea hufutika. Mama yangu alimkemea mara nyingi kwa kugeuza sura ya Kurani kuwa saa. Baba alijibu kwamba saa huharibika.

Habari ya baridi hakunifundisha. Kwetu baridi ni asubuhi za Julai, watu wa Kabezi wanapovaa sweta na kulalamika mpaka saa tatu. Kule, mwezi wa Januari, nilisimama darajani ndani ya koti la mtu mwingine, kamera ya kuazima juu ya ukuta wa daraja, meno yakigongana hata Fatiha ikaisha kabla mwanga haujaingia. Picha ilitoka nyeusi. Usiku uliofuata nilisoma polepole kama imamu mzee. Likapita lori, daraja likatetemeka, na mji mzima ukatoka kama uzi uliovurugwa na paka. Nikarudi tena, nikakuta ukungu umeumeza mji. Nilipiga ukungu. Mara ya mwisho filamu ilikakamaa kwa baridi, ikakatika ndani ya kamera, nami nikalia kwa hasira pale pale, mbele ya Wabelgiji waliopita wakitazama viatu vyao.

Tulikaa chumba kimoja na msichana wa Bukavu. Aliponiona nimerudi na pua nyekundu, alicheka.

"Dada, utakufa juu ya foto? Si kadi za posta za mji ziko zinauzwa pale steshoni?"

Yeye alikuwa anatania. Mimi nilisikia ushauri.

Nilinunua kadi yenye mji usiku, nikaipiga picha mchana, dirishani, vidole vikiwa na joto, nikaisafisha kwenye karatasi halisi ya foto. Wizi ule ndio kazi bora niliyowahi kuifanya kwa kamera. Mto ulionekana, na majumba, na taa, na hata bwana mmoja aliyekuwa akivuka daraja na mbwa wake. Nyuma niliandika: "Nimeipiga mwenyewe."

Wiki tano baadaye niliitwa kwenye simu ya bweni. Baba alikuwa amesafiri mpaka Bujumbura na kupanga foleni posta, jambo ambalo hakulifanya hata nyanya alipofariki.

"Mama, amahoro? Foto imefika."

"Umeipenda, Baba?"

"Iko nzuri sana. Ulisoma Fatiha ngapi?"

"Moja. Bila haraka."

"Na huyu mwenye imbwa, alisimama Fatiha nzima?"

"Labda alikuwa amechoka."

"Na imbwa naye alichoka?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Kivuli chao kimelala kwa barabara, kirefu. Huko kwenu jua inatokaga usiku?"

Ndipo nilipoelewa kwamba wenye kadi nao waliupiga mji mchana, wakautia giza, wakachora taa. Nilikuwa nimeiba uongo wa watu wengine. Ningeweza kumwambia hivyo, na tungecheka. Badala yake nilisema, kwa sauti ya mtu aliyesoma:

"Nimeipiga mimi, Baba."

"Haya." Akakohoa. "Mudogo wako alipiga mitumbwi usiku, juma lililopita. Taa zimetikisika, moja imeungua kabisa kwa mwanga. Lakini nilikuwa kando yake, nilimusikia akisoma. Studio ninamupa yeye."

Nilianza kusema kitu kuhusu darasa la sita. Hakunisikia, au laini ilikuwa mbaya.

"Weye soma," alisema. "Na ukirudi umuletee karatasi za foto, zile za kung'aa. Huku zimekwisha. Murakoze sana, mama."