Mgeni Aliyeuliza Habari za Moyo

Kila mwanangu anapofungua pakiti ya kalamu za rangi, ile harufu ya nta hunirudisha darasani kwetu Ganda, siku alipokuja mwanamke mmoja msomi kuchunguza, eti, watoto huhisi nini moyoni.

Nyumbani hakuna aliyemwamini. "Mtu hamuulizi mtoto wa watu ndoto zake bure," mama aliniambia akinifunga vifungo vya sare. "Akikuuliza ya hapa kwetu, mwambie hujui."

Nilielewa. Masika yale tulikuwa tumemzika mdogo wangu, na jina lake halikutajwa tena.

Yule mgeni alinipa kalamu, akaniomba nichore watu wa nyumbani. Nikachora mbuzi. Aliitazama karatasi kwa muda, kisha akauliza taratibu, "Ukitaka kulia, wewe huenda wapi?"

Nikashtuka. Nani kamwambia?

"Mimi silii," nikajibu.

Jioni nilimkuta mama akikuna nazi. "Umemwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Alitaka kujua nikitaka kulia huenda wapi."

"Na yeye yamhusu nini?" Akaendelea kukuna kwa nguvu, mpaka nazi ikaanza kutoka na rangi ya kifuu. Ndipo akauliza, bila kuniangalia, "Kwani huenda wapi?"

"Kule kwenye mihogo."

Mkono wake ukasimama. Nikangoja kukaripiwa.

"Mimi huenda kisimani," akasema.