Nilivyopunguza Bei ya Mchele Kule Wema

Hapa Garsen hakuna mke anayebana matumizi kunishinda. Mwenye duka akiniona, hushusha bei kabla sijafungua mdomo.

Juzi nikapanda bodaboda hadi kijiji cha Wema, ninunue mchele kwa wakulima wenyewe. Uani kwa watu nikakuta akina mama wakipepeta mchele, magunia yamejaa. Nikajua nimefika.

"Mama, kilo pesa ngapi?" nikamuuliza mkubwa wao.

Akaendelea kupepeta. Nikadhani anajifanya mgumu. Nikachota mchele, nikatafuna punje, nikapaza sauti: "Huu chenga tupu! Punguza, nichukue gunia zima."

Nyungo zote zikatulia.

"Hatuuzi, mwanangu," akasema kwa upole. "Ni wa matanga ya ndugu yangu. Wewe keti, utakula bure."