Siku Niliyomzuia Mama Mkwe Mlangoni

Aibu hii bado ninayo, kwa hivyo chekeni sasa mmalize.

Fahali alinipiga teke la tumbo nikimpandisha kwenye lori hapa Kitengela, msuli ukachanika, na mtaalamu wa mazoezi (mama mpole, lakini akisema amesema) akaniambia kwa wiki sita nilale chali, nikunje magoti, nipumue na kukaza tumbo polepole, basi, mazoezi magumu nisiguse mpaka aniruhusu. Nikifuata hayo, ningeweza tena kumbeba binti yangu Naserian, wa miaka miwili, ambaye kila jioni alininyooshea mikono na mimi nikawa namkwepa.

Wiki ya tatu nikajiona nimepona. Jumapili tukaenda Kimuka kwa wakwe, na baada ya chakula shemeji yangu Lemayian, ambaye hana haya, akanitazama kitambi.

"Shemeji, hiyo tumbo iko na miezi ngapi?"

Wakacheka wote, hata mke wangu (hapo ndipo niliumia), nami badala ya kunyamaza nikavua koti, nikashuka sakafuni karibu na mlango, nikajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, nikamwambia, "Hesabu mpaka mia."

Alifika kumi na nne. Kitu kikanivuta palepale penye jeraha, nikaanguka kifudifudi kizingitini, hata kugeuka siwezi, na wakati huohuo mama mkwe akaja na chai. Sasa kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali, hatugusani wala hatupitani karibu, na nyumba ina mlango mmoja. Akageuka haraka, akajifunika uso kwa shuka, akasimama nje na birika lake.

"Muulize Paker," akamwambia mke wangu (huniita hivyo kwa sababu ya kondoo niliyempa), "ameangusha nini hapo chini?"

"Heshima, yeyo," Lemayian akamjibu mama yake.

Ilibidi wanivute kwa miguu mpaka chini ya meza ndipo chai ikaingia.

Mtaalamu hakunigombeza, jambo lililokuwa baya zaidi. Alinipapasa tumbo, akatikisa kichwa, akanirudisha wiki ya kwanza. Nimeapa sitapima nguvu zangu kwa kicheko cha watu tena. Nalala chali, nakunja magoti, napumua, na Lemayian akija kututembelea namsikia Naserian akicheka mabegani mwake, maana kwangu ameacha kunyoosha mikono.